Una sauti kwenye simu na unataka ifike mahakamani? Fuata hatua hizi

Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Nina voisi ya mtu ananitishia, nifanyeje itumike mahakamani?" Wengine wana mazungumzo ya simu na mwenye nyumba aliyekana kodi aliyoipokea. Wengine wana sauti ya mtu wa ofisini anayetaka apewe chai kwanza ndipo agonge muhuri. Wengine wazazi wao wameliwa na matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii". Kabla sijasikiliza chochote huwa nauliza: hiyo sauti umeshamtumia nani? Mara nyingi jibu ni kwamba imeshapita magrupu matatu, dakika mbili za mwanzo zimekatwa kwa sababu "hazina maana", na simu iliyoipokea iko kwa fundi.

Basi nimeandika yote hapa, kwa mpangilio wa kuyafanya. Hayamfundishi mtaalamu wa maabara. Yanamhusu mwenye simu. Kuthibitisha kwamba aliyeongea ni fulani si kazi yako. Kazi yako ni kuhakikisha faili lile lile lililozaliwa kwenye simu ndilo linalofika mbele ya hakimu, na kwamba ukiulizwa lilipita mikono ya nani, una jibu.

Kama voisi ni ya kutishia maisha, usikae nyumbani ukipanga mafaili. Nenda polisi sasa hivi na simu yako mkononi. Hatua zilizobaki zitafanyika baadaye.

Sheria, kwa ufupi tu

Tanzania Bara, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinasema ushahidi hauwezi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama iangalie ujumbe ulitengenezwa, ukatunzwa na kutumwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, ukamilifu wake umelindwaje, na aliyeutuma ametambuliwaje. Kenya, vifungu vya 78A na 106B vya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, vinapita njia hiyo hiyo, na 106B kinataka pia cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika. Zanzibar ina sheria yake ya ushahidi, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba amuulize wakili wa huko.

Kurekodi mazungumzo ambayo wewe mwenyewe unashiriki ni jambo moja. Kutega simu ya mkeo, ya mumeo au ya bosi wako ili usikie anaongea nini na watu wengine ni jambo jingine kabisa: kunasa mawasiliano ya watu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 Tanzania na sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu makosa ya kompyuta. Ibara ya 50(4) ya Katiba ya Kenya inaitaka mahakama itupe nje ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ya mtu, kama kuupokea kutaharibu haki katika kesi. Kama bado hujarekodi na unafikiria kurekodi, ongea na wakili kwanza. Huna pesa ya wakili? Tanzania kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, nao hawatozi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu iliyorekodi au kupokea sauti, na chaja yake
- Waya wa USB unaopitisha data (nyaya nyingi za bei rahisi zinachaji tu)
- Kompyuta, hata ya kuazima, yenye programu ya VLC
- Flashi mbili mpya na bahasha mbili
- Simu ya pili ya kupigia picha
- Hedifoni
- Daftari lililoshonwa, si karatasi za kuchomoa, na kalamu ya wino
- Mtu mzima mmoja asiyehusika na ugomvi, akae aone unachofanya

Hatua ya 1: Tuliza simu

Washa hali ya ndege. Aliyekutumia voisi WhatsApp ana takriban siku mbili za kuifuta kwa wote, na amri yake ya kufuta ikikuta simu yako haina mtandao haitafika. Usisasishe chochote, usiwashe programu za "kusafisha" simu, wala usimpe fundi. Angalia pia kama mazungumzo hayo yamewekewa ujumbe unaotoweka, maana huo hufutika wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90.

Voisi ya kusikilizwa mara moja usiifungue mpaka uwe na simu ya pili inayorekodi pembeni na shahidi wako amekaa. Ukishaisikiliza na kutoka, imekwenda. Lakini usiiache muda mrefu pia: isipofunguliwa kwa siku 14 hutoweka.

Nilimsaidia mama mmoja ambaye kioo cha simu kilipasuka katikati ya shauri la kiwanja. Fundi alibadilisha kioo, kisha "akaiflashi" simu, yaani akafuta kila kilichokuwemo, ili iwe nyepesi. Alikuwa na nia njema. Tulichobaki nacho ni nakala iliyokuwa kwenye grupu la familia, yenye jina jipya la faili na tarehe ya siku iliyorushwa, huku namba ya aliyeitamka haionekani popote. Tangu siku hiyo neno langu la kwanza kwa kila mtu ni hilo: simu isitoke mkononi.

Hatua ya 2: Andika kumbukumbu leo, si kesho

Kwenye daftari andika: ulirekodi au ulipokea lini, wapi, nani alikuwepo, aina ya simu, namba yako na namba ya mwenzako. Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, nayo uiandike. Linganisha saa ya simu na saa ya simu nyingine. Kama imepishana dakika nne, andika dakika nne.

Hapa ndipo Waswahili wengi tunajikwaa. Simu inaonyesha 14:15, wewe unaandika "saa nane na robo", karani anachapa 8:15, na wakili wa upande wa pili anapata la kushika. Andika vyote viwili kila mara: saa 8:15 mchana (simu inaonyesha 14:15).

Hatua ya 3: Piga picha kabla ya kugusa

Kwa simu ya pili, piga picha ya mazungumzo yenye voisi hiyo, na ujumbe wa kabla na wa baada yake. Fungua taarifa za mtumaji, piga picha ya namba yake. Jina ulilomhifadhi nalo halithibitishi kitu. Hata mimi naweza kumhifadhi jirani yangu kwa jina la waziri. Kisha rekodi video fupi ukipandisha mazungumzo taratibu, bila kukata.

Hatua ya 4: Toa faili kwa waya

Unganisha simu na kompyuta, chagua kuhamisha mafaili. Kwenye Android fuata: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Voice Notes. Ndani kuna mafolda yenye tarakimu kama 202511, yaani mwaka 2025, wiki ya 11. Faili lenyewe litakuwa na jina kama PTT-20250312-WA0004.opus, na tarakimu nane za katikati ni tarehe. Mazungumzo ya simu uliyorekodi mwenyewe huwa kwenye folda la rekodi, kwa kawaida yakiishia na m4a, amr au 3gp.

Kabla ya kunakili, fungua maelezo ya faili kwenye simu uyapige picha, kwa sababu likishahamia kompyuta tarehe inaweza kubadilika ikawa ya leo. Kwenye iPhone huwezi kuingia folda hilo. Tumia njia ya kuhamisha mazungumzo pamoja na media, utapata faili la zip lenye maandishi na sauti pamoja. Litunze hilo zip zima.

Usijitumie mwenyewe voisi hiyo WhatsApp. Usiicheze kwenye spika huku simu nyingine inarekodi, isipokuwa ile ya kusikilizwa mara moja. Usiibadilishe kuwa mp3 "ili ifunguke kirahisi". Kila moja ya njia hizo inazaa faili jipya, na lile la kwanza ndilo linalotakiwa.

Hatua ya 5: Piga hashi

Hashi ni alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na kilichomo ndani ya faili. Badilisha hata chembe moja ya sauti, alama yote inageuka. Tunatumia aina ya SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda husika, andika:

certutil -hashfile PTT-20250312-WA0004.opus SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum ikifuatiwa na jina la faili. Kwenye Mac ni shasum -a 256. Nakili zile tarakimu 64 kwenye daftari kwa mkono, shahidi wako azisome kwa sauti wewe ukihakiki, kisha nyote msaini na kuweka tarehe. Inachosha, najua. Lakini miaka miwili baadaye, mtu akisimama kusema faili limechezewa, hesabu ile ile itapigwa tena mbele yake.

Hatua ya 6: Nakala

Weka faili kwenye flashi ya kwanza, piga hashi ya lililomo, ione inalingana. Iingize kwenye bahasha, ibandike, saini juu ya mdomo wa bahasha, uifungie. Flashi ya pili ndiyo ya kufanyia kazi na kumpa wakili asikilize. Simu yenyewe ndiyo asili: usiiuze, usimpe mtoto achezee, nunua nyingine ya bei rahisi kama huwezi kukaa bila simu.

Hatua ya 7: Daftari la makabidhiano

Kila mara simu au flashi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, andika mstari: tarehe, saa, nani katoa, nani kapokea, kwa sababu gani, saini zote mbili. Ukiikabidhi polisi au TAKUKURU (taasisi ya kuzuia rushwa Tanzania), omba maandishi ya kupokelewa yenye IMEI na jina la afisa. Siku moja tu isiyoelezeka kwenye mnyororo huo inaweza kuulizwa maswali asubuhi nzima.

Hatua ya 8: Nukuu maneno yaliyosemwa

Hakimu atasikiliza sauti, lakini faili la kesi linataka maandishi. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa sababu kila mtu anadhani anaiweza.

Vaa hedifoni. Andika muda kila msemaji anapobadilika: 00:14, 00:31. Usimwite msemaji kwa jina. Andika Sauti A, Sauti B, Sauti C. Pasiposikika andika [haisikiki, sekunde 3]. Wakiongea pamoja andika hivyo. Kikohozi, kicheko, ukimya mrefu, mlango kufungwa, vyote viingie.

Usimsahihishe mtu Kiswahili chake. Kama kasema "nataka ya maji ya kunywa", andika hivyo hivyo. Kama kasema "chai", usiandike "rushwa". Maana ya chai kwa mdomo wa mtu yule, siku ile, utaieleza ukiwa kizimbani kama shahidi. Ukiiingiza kwenye unukuzi umeshaanza kusema kwa niaba yake. Akisema "njoo saa mbili", iache saa mbili. Nimewahi kuona tafsiri ya Kiingereza iliyoibakisha mbili ile ile, na miadi ya asubuhi ikawa ya saa nane mchana.

Uzito wa jambo hili ulionekana Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilisikiliza kanda za RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, na kanda hizo zilikuwa sehemu ya ushahidi uliowatia hatiani wahusika wa vyombo vya habari katika hukumu ya 3 Desemba 2003. Kanda zilikuwa za Kinyarwanda. Majaji walizifuata kwa tafsiri. Katika kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, iliyohukumiwa 2 Septemba 1998, aliitwa mtaalamu wa lugha aeleze maneno kama inyenzi. Kwa kamusi ni mende tu. Ndani ya matangazo yale, mende alikuwa mtu wa kuuawa. Waliotafsiri waliliacha neno kama lilivyotamkwa, kisha mtaalamu akalieleza. Fanya vivyo hivyo na Kisukuma, Kikamba au Sheng iliyomo kwenye sauti yako.

Mpe mtu wa pili flashi anukuu peke yake, bila kuona maandishi yako na bila kumsimulia kisa. Sikio husikia lilichoambiwa lisikie. New Zealand, polisi walisema wanasikia maneno ya kukiri ndani ya simu ya dharura aliyopiga David Bain, mtu aliyeshtakiwa kuua familia yake, mwaka 1994. Wataalamu wakagawanyika, wengine wakiona ni pumzi tu, na kesi iliposikilizwa upya mwaka 2009 Mahakama ya Juu ilizuia sehemu hiyo isisikike. Kwa hiyo nyinyi wawili mkitofautiana kwenye neno, msikae kulipigia kura. Andikeni kwamba hapo hapaeleweki.

Usisafishe sauti

Nalitenga hili kwa sababu programu za kuondoa kelele ziko kila mahali na vijana wengi wanajitolea kusaidia. Kelele unayotaka kuiondoa inaweza kuwa ndiyo shahidi wako. Adhana ya alasiri kwa mbali inatoa saa. Taarifa ya habari kwenye redio ya jirani inatoa siku. Hata muungurumo mwembamba wa umeme, ambao kwetu huzunguka kwenye 50 Hz, una kazi: mabadiliko yake madogo madogo yamewahi kutumiwa na wataalamu wa Ulaya kupima rekodi ilifanyika lini na kama imekatwa. Mtaalamu akitaka kusafisha atafanya kwenye nakala, akiandika kila alichobonyeza.

Na je, ni sauti ya nani?

Usitarajie maabara itoe jibu kama la alama ya kidole. Sauti ya mtu hubadilika akiwa na mafua, hasira au pombe, na simu ya kawaida hupitisha takriban kati ya 300 Hz na 3,400 Hz tu, ikiacha nje sehemu kubwa ya kinachomtofautisha mtu na nduguye. Mtaalamu makini hulinganisha na sampuli inayojulikana ya mtu huyo, kisha husema ushahidi unaunga mkono upande upi na kwa nguvu gani.

Na hata sauti ikitambuliwa sawasawa, uliza inathibitisha nini. Mwaka 1979 polisi wa Uingereza waliokuwa wakimsaka muuaji wa wanawake wa Yorkshire walipokea kaseti ya mtu aliyejidai ndiye. Wataalamu wa lafudhi waliisikiliza wakasema anatoka Sunderland, na kwa hilo walipatia. Lakini alikuwa mzushi. Muuaji mwenyewe, Peter Sutcliffe, alikuwa mtu wa Bradford na lafudhi yake haikufanana na ile, naye akaendelea kuua hadi alipokamatwa Januari 1981. Aliyetuma kaseti alipatikana kwa DNA na kufungwa mwaka 2006.

Kwa hiyo kusanya vinavyoizunguka sauti: miamala ya pesa, ujumbe mfupi wa siku hiyo, watu waliokuwepo. Kampuni ya simu, ikiamriwa kisheria, huwa na kumbukumbu za nani kampigia nani, saa ngapi na kwa muda gani. Maneno yenyewe haina, basi usitegemee kwamba watakupa mazungumzo uliyoyafuta.

Hatua ya 9: Kiapo au cheti

Mwone wakili na daftari lako. Kenya atakuandalia cheti cha kifungu cha 106B. Tanzania mara nyingi atataka uape kwamba kifaa ni chako, kilikuwa kikifanya kazi vizuri, na faili halijabadilishwa. Usisaini sentensi usiyoijua. Kama aliyetoa faili ni mpwa wako kwa sababu wewe kompyuta huiwezi, basi mpwa naye aape kwa kile alichofanya.

Ukikwama

*Faili la opus halifunguki.* Lifungue kwa VLC. Si bovu.

*Hashi mbili hazilingani.* Kwanza hakikisha umepima faili lile lile. Herufi kubwa na ndogo si tatizo, na baadhi ya kompyuta za zamani huweka nafasi kati ya jozi, zipuuze. Kubadilisha jina la faili hakubadilishi hashi. Kama bado hazilingani, nakala hiyo si sahihi: rudi kwenye simu, nakili upya, na uandike daftarini yaliyotokea.

*Hashi inaanza na e3b0c44298fc.* Hiyo ni hashi ya faili tupu. Waya ulichomoka katikati, rudia.

*Muda ulioandikwa ndani ya faili umepungua saa tatu.* Simu nyingi huandika ndani ya faili saa ya dunia, na Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Usirekebishe chochote, andika maelezo tu.

*Simu imezima, haiwaki.* Usimruhusu fundi aiflashi. Mwambie unataka iwake tu, kaa naye, na kama anashindwa ichukue uondoke. Maabara ya polisi ina njia nyingine za kusoma kumbukumbu ya simu.

*Upande wa pili unasema sauti imetengenezwa na kompyuta.* Siku hizi inawezekana kweli, kwa hiyo mahakama italisikiliza dai hilo. Jibu lako ni simu yenyewe, mazungumzo yaliyoizunguka voisi, hashi ya siku ya kwanza na shahidi aliyekuwepo.

*Nilishaituma kwenye grupu.* Acha kuituma zaidi. Usiwaombe watu waifute wala usiikane. Andika daftarini uliituma lini na kwa nani. Kisha rudi kwenye simu ya kwanza, na kama faili la asili bado lipo, anza hatua ya 1.